Somo: Kupanda kana kwenye njia ya maji ya bafuni, zichanue mvua zikikatika

Kana, ua la majani mapana, hudumu miaka, ila inataka ardhi yenye unyevu wakati wote. Dodoma mvua zikikatika Aprili hazirudi hadi karibu na Desemba, kwa hiyo ukiipanda katikati ya uwanja utabeba ndoo miezi yote hiyo. Mahali pake ni pale yanapotokea maji ya bafuni, penye jua la saa 6 kwa siku. Kaa mita 2 au zaidi kutoka ukutani: udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na msingi uliolowa upande mmoja hupasuka.

Hatua ya 1. Chimba mtaro wa kina cha sm 40 na upana wa sm 60. Mwaga ndoo mbili za lita 20. Maji yakiwa bado yamesimama kesho yake, urefushe. Yakituama, utafuga mbu na kuozesha mizizi.

Hatua ya 2. Rudishia udongo ukichanganya na samadi iliyoiva, debe 1 kwa kila mita ya mtaro. Samadi mbichi huunguza machipukizi.

Hatua ya 3. Chukua tunguu gumu, lile linalofanana na tangawizi, ukate vipande vyenye macho 2 au 3. Futa kisu kwa spiriti kila unapohamia shina jingine. Anika vipande kivulini siku 2 ili kidonda kikauke. Vilaze macho yakiangalia juu, kina cha sm 8 hadi 10, nafasi sm 50.

Hatua ya 4. Mwagilia mara moja, kisha subiri. Maji ya bafuni yasiingie hadi chipukizi lifike urefu wa kiganja. Wengi hupotezea hapa: tunguu lisilo na mizizi halinywi, linaoza. Baadaye tandaza nyasi kavu.

Ukipanda mwanzoni mwa Februari, maua huanza Aprili au Mei, majirani wakiwa wameanza kuona vumbi. Kikonyo cha kwanza cha maua kikinyauka usikimbilie panga. Tazama chini yake, kwenye kwapa la jani, pale jani linapoungana na shina: mara nyingi kuna kingine kinachomoza. Nacho kikimaliza, kata shina lote usawa wa ardhi, kwa sababu halitachanua tena na linabana machipukizi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, kingo za majani zinakauka na udongo umelowa. Kwa nini?
Hiyo ni chumvi, dada. Sabuni ya unga huacha sodiamu ardhini, na visima vingi vya huku vina maji ya chumvi. Kila baada ya wiki 2 mwaga ndoo 3 za maji yasiyo na chumvi kwa kila mita ya mtaro. Maji yenye dawa ya madoa yaende kwingine.

Kuna unga wa rangi ya chungwa chini ya majani.
Huo ni ugonjwa wa kutu. Kata majani hayo uyachome, punguza msongamano, na mwagilia chini, si juu ya majani.

Jirani ananipa mbegu za matunguu, ila majani yake yana michirizi ya njano.
Mshukuru, usizichukue. Michirizi hiyo kwa kawaida ni virusi. Havina dawa na husafiri ndani ya tunguu.

Na zile mbegu nyeusi ngumu?
Zinaota, kaka. Sugua ganda kwa msasa hadi uone weupe, loweka saa 24, kisha panda. Ila rangi ya maua huenda isifanane na ya mama yake.