Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kusakinisha Draiva ya Grafiki kwenye Linux

Kompyuta nyingi ninazoletewa hapa Kirumba, Mwanza, zikiwa zimebaki na skrini nyeusi baada ya kusakinishiwa draiva ya grafiki, hazina ubovu wowote wa kifaa. Kilichokosekana ni maandalizi ya nusu saa kabla ya amri ya kwanza kuandikwa, na kwa mtu anayeitegemea mashine hiyo kuhariri video za harusi ya Jumamosi, nusu saa hiyo ina thamani kubwa.

Anza kwa kuifahamu kadi yenyewe, kwa kuwa kibandiko kilicho juu ya kompyuta ya mtumba mara nyingine hakilingani na kilichomo ndani. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika lspci -nnk, kisha tafuta mstari wenye neno VGA au 3D. Katika mabano ya mraba, namba ya kifaa inayoanza na 10de ni ya NVIDIA, 1002 ni ya AMD na 8086 ni ya Intel, nayo mistari inayofuata hutaja draiva inayotumika wakati huo. Ukiona amdgpu au i915, basi kwa kawaida huna haja ya kupakua chochote kutoka kwa mtengenezaji, maana draiva hizo zimo ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, na sehemu iliyobaki huletwa na Mesa, mkusanyiko wa programu huria za grafiki, ambayo husasishwa pamoja na mfumo. Inasikitisha kuona mfumo uliokuwa mzima ukiharibiwa kwa kutafutiwa draiva ambayo tayari unayo.

Kwa NVIDIA, umri wa kadi ndio unaoamua. Kadi za kizazi cha Fermi ziliishia kwenye tawi (mfululizo wa matoleo ya draiva) la 390 na za Kepler kwenye 470, ilhali moduli huria (vipande vya draiva vinavyopakiwa kwenye kerneli, vyenye msimbo ulio wazi) ambazo kampuni hiyo ilianza kuzitoa mwaka 2022 zinahitaji kadi ya kizazi cha Turing au cha baadaye. Mwenye GeForce GTX 660 akilazimisha tawi jipya, usakinishaji unaweza kumalizika bila onyo, lakini moduli haitaipokea kadi yake. Kwenye Ubuntu, amri ubuntu-drivers devices hukuonyesha tawi linalopendekezwa. Lifuate hilo, na uchukue vifurushi vya mfumo wako badala ya faili la .run linalopakuliwa kwa NVIDIA, ambalo apt, programu ya kusakinisha vifurushi, hailitambui wala haiwezi kulisasisha.

Sasisha mfumo mzima kwanza na uuwashe upya, ili kerneli unayoiandalia draiva iwe ndiyo utakayoamka nayo, kisha hakikisha linux-headers (faili za kujengea moduli) za toleo hilo zipo. Draiva pamoja na vifurushi vinavyoandamana nayo huweza kufika mamia ya megabaiti, kwa hiyo angalia salio la bando, na uongeze --download-only kwenye amri ya apt ili faili zote zishuke mapema na kukaa katika /var/cache/apt/archives. Umeme nao usiupuuze, kwani ukikatika wakati initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza kompyuta inapowaka) inaandikwa upya, mfumo unaweza kushindwa kuwaka kabisa. Radi za ziwani zikianza kunguruma, mimi huahirisha kazi hii hadi anga litulie, hata kama mteja ana haraka.

Kagua pia Secure Boot, ulinzi unaokagua sahihi za programu za uwashaji, kwa amri mokutil --sb-state. Ikiwa imewashwa, kerneli hukataa moduli isiyo na sahihi inayoaminika, na ndiyo maana huenda ukaombwa kutunga nywila wakati wa kusakinisha. Mashine itakapowaka upya, skrini ya bluu itakungoja kwa sekunde chache tu. Chagua Enroll MOK, yaani kusajili ufunguo wa sahihi hiyo, na uingize nywila hiyo. Asiyejua haya huiacha skrini ipite, kisha hushangaa draiva haifanyi kazi.

Njia ya kurudi ndiyo inayostahili muda wako mwingi zaidi. Hifadhi hali ya mfumo kwa Timeshift, programu ya kurudisha mfumo ulivyokuwa, lakini nakili video na nyaraka kwenye diski ya nje, kwa sababu Timeshift kwa kawaida haigusi mafaili yako binafsi. Jizoeze kubonyeza Ctrl+Alt+F3 na kuingia kwa maandishi matupu bila dirisha lolote, wakati skrini bado inaonyesha picha. Jizoeze pia kuifungua menyu ya GRUB (programu inayoiwasha Linux), kubonyeza e, kuongeza nomodeset, neno linaloizuia kerneli kubadili hali ya skrini, mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha kubonyeza F10. Andika kwenye karatasi sudo apt purge 'nvidia-*', ambayo huondoa draiva, na journalctl -b -1 -k, ambayo huonyesha ujumbe wa kerneli wa uwashaji uliotangulia. Karatasi nasisitiza, kwani mteja wa Ukerewe asingepaswa kuvuka ziwa na kompyuta mkononi kwa sababu ya amri moja aliyoisahau.

Usakinishaji ukimalizika, usiwashe upya papo hapo. Andika modinfo nvidia, uone kama inakutajia toleo la draiva. Ikisema moduli haikupatikana, na draiva yako inajengwa kwa DKMS (zana inayojenga moduli kwa kila kerneli), fungua faili make.log lililo chini ya /var/lib/dkms/nvidia, kwa kuwa kosa la ujenzi huandikwa humo, na kwa wakati huo bado una skrini ya kulisomea.