Unaogopa Kuingia Jimu? Panda Ngazi Hii Polepole

Kila Januari wanaouliza bei ni wengi kuliko wanaofika. Wengine hufika hadi mlangoni, wakasikia vyuma vikigongana na mtu akiguna, wakageuka kurudi stejini. Ninafundisha mazoezi hapa Kisumu, na maneno yao nimeyazoea: "Kocha, wacha nipunguze kilo kidogo nyumbani kwanza, ndio nije."

Mpango huo haufanyi kazi. Hofu ya mahali haiishi ukikaa mbali napo. Kila ukighairi unapata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoinenepesha hofu. Daktari Joseph Wolpe wa Afrika Kusini alijenga tiba yake ya hofu katika miaka ya 1950 kwa kumsogeza mtu taratibu kuelekea anachokiogopa, akianzia na kile kinachomtisha kidogo. Hatua zifuatazo zinatumia wazo hilo, ila zimekatwa kwa kipimo cha jimu zetu.

Hatua ya 1: Andika unachoogopa hasa

"Naogopa jimu" haitoshi. Unaogopa kuchekwa mwili? Hujui mashine zinavyotumika? Unachelea wanaume kukukodolea macho? Au hutaki kukutana na mtu wa kanisani kwenu ukiwa umelowa jasho? Kila hofu ina dawa yake. Ya mashine huisha ukielekezwa mara moja au mbili. Ya macho ya watu hupungua ukichagua saa nzuri na jimu nzuri. Ya kukutana na unaowajua ndiyo ngumu, maana Kisumu ni ndogo. Wengine wa Manyatta hupanda tuktuk hadi Milimani ili wasionekane. Mimi sishauri hivyo. Nauli itakuwa kisingizio kabla mwezi haujaisha. Afadhali jimu ya karibu yenye aibu kidogo.

Hatua ya 2: Nenda bila nguo za mazoezi

Siku hiyo hufanyi chochote. Unaingia na nguo zako za kawaida, unasalimia, unauliza. Uliza kama wanakubali malipo ya siku. Uliza nani huwaelekeza wanaoanza, na yuko saa ngapi. Tazama kama pana pa kubadilishia nguo, na kama mlango wake unafungika. Kina dada waulize pia kama kuna saa au darasa la wanawake.

Kisha simama pembeni dakika kumi utazame. Utagundua kwamba muda mwingi watu wa jimu wamekaa tu, wanapumzika, wanachezea simu. Mkufunzi akijibu maswali yako kwa dharau, ondoka. Zipo nyingine.

Usilipe mwezi siku hiyo, hata wakikupigia debe la punguzo. Pesa iliyokwisha kutumwa kwa M-Pesa haimtoi mwoga nyumbani. Humwongezea aibu tu.

Hatua ya 3: Chagua saa, halafu nguo

Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku watu hufurika, hasa Jumatatu. Saa nne asubuhi hadi saa nane mchana huwa kimya, ila joto la Kisumu wakati huo ni kali, kwa hiyo beba maji. Mwajiriwa ajaribu alfajiri. Wanaokuja saa kumi na mbili asubuhi wana haraka ya kazi na hawana muda wa kumtazama mtu.

Nguo isikusumbue. Fulana pana, suruali ya traki, na raba yenye soli isiyoteleza. Kwenye soko la Kibuye utapata raba nzuri ya mtumba. Anayejifunika kichwa ajifunike, mradi kitambaa kisining'inie karibu na mashine.

Hatua ya 4: Ingia na karatasi

Kinachomfanya mgeni ajione mgeni ni kuzunguka bila kujua aende wapi. Andika mazoezi manne na uyafuate kama orodha ya sokoni:

- Tembea kwenye mashine ya kukimbilia dakika tano, mwendo wa kawaida.
- Keti kwenye benchi na uinuke bila kushika kitu, mara 10.
- Simama ukiukabili ukuta, weka viganja, jisukume mara 10.
- Beba dambeli (chuma kifupi cha kushika mkononi) moja kila mkono, nyepesi, utembee kutoka ukuta hadi ukuta.

Yale matatu ya mwisho yarudie mara moja, kisha nenda nyumbani. Nusu saa yatosha.

Usione haya kuinua chuma kirefu kitupu. Kile cha kiwango cha Olimpiki kina kilo 20 kabla hujakitia sahani ya uzito hata moja. Na kama uko kwenye jimu ya mtaa, yenye vyuma vilivyochomelewa na uzito wa simiti uliomwagwa kwenye mikebe, usiiamini namba iliyopakwa rangi. Inua kidogo kwanza uhisi.

Hatua ya 5: Hofu ikipanda, usitoke

Hapa ndipo watu wengi huanguka. Moyo unadunda, jasho linatoka, pumzi inakuwa fupi, na mtu anaamua kwamba hofu imemzidi. Lakini mazoezi yenyewe yanaleta dalili hizo hizo! Jiambie: moyo unafanya kazi niliyoupa. Keti, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe kwa mdomo polepole ukihesabu hadi sita. Rudia kwa dakika mbili au tatu. Ukitoka hofu ikiwa juu, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Ukisubiri ishuke, hata kama umekaa tu na chupa ya maji, siku inayofuata huanza chini zaidi.

Na hayo macho? Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha majaribio ambamo mwanafunzi alivalishwa fulana ya kumtia aibu, yenye picha ya mwanamuziki Barry Manilow, kisha akaingizwa chumbani kwa wenzake. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo waliitambua picha. Waliotambua walikuwa kama robo. Jimu ina vioo kila upande, na kila mtu anajitazama mwenyewe.

Maumivu ya kifua au kizunguzungu si hofu ya kuvumilia. Acha mazoezi umwone daktari. Mwenye presha au tatizo la moyo amwone kabla ya kuanza.

Hatua ya 6: Jifunze sentensi tatu

"Bado seti ngapi?" "Naomba nielekeze hii." "Asante, nitaendelea mwenyewe." Seti ni raundi moja ya zoezi, na swali hilo ni la aliye kwenye mashine unayoingoja. Ya tatu ni ya yule jamaa asiyeulizwa ambaye lazima akufundishe. Huwa hakosekani, na mara nyingi mikono yake mwenyewe ni myembamba. Futa jasho lako kwenye benchi, rudisha vyuma mahali pake, na utaheshimiwa kuliko mwenye misuli anayeviacha sakafuni. Ila mtu akikushika bila idhini, hata awe mkufunzi, hilo si la kuzoea. Sema kwa sauti, kisha hama.

Hatua ya 7: Rudi kabla hofu haijaota tena

Misuli itauma zaidi siku ya pili au ya tatu, hasa mapaja. Ni kawaida, na kutembea husaidia. Rudi ndani ya siku mbili au tatu, saa ile ile, karatasi ile ile. Usibadili mambo mawili kwa pamoja: wiki hii ongeza zoezi, wiki ijayo jaribu saa yenye watu zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli, lakini namba hizo zisikutishe sasa.

Lipa mwezi mzima siku utakayojikuta umekasirika kwa sababu kuna mtu amekalia benchi lako.