Jinsi ya kuonja singo molti iliyomaliziwa kwenye pipa la sheri

Singo molti ni wiski ya shayiri iliyomeshwa, kutoka kiwanda kimoja; sheri ni mvinyo ulioongezwa kilevi, wa eneo la Jerez, Hispania. Kabla ya kufungua chupa, soma lebo. Wajazaji huru, kama Cadenhead's wa Campbeltown au Signatory Vintage wa Pitlochry, kazi yao kubwa ni kununua mapipa kutoka viwanda vya wengine huko Uskoti, kuyalea, kisha kujaza chupa kwa jina lao. Lebo zao mara nyingi hueleza zaidi kuliko za kiwanda chenyewe: tarehe ya kunerekwa, tarehe ya kujazwa, namba ya pipa, idadi ya chupa na asilimia ya kilevi.

Cha kutafuta kwanza ni muda wa kumalizia. Wiski ya namna hii imekaa miaka mingi, tuseme 10, kwenye pipa la mwaloni lililowahi kubeba burboni, wiski ya mahindi ya Marekani, halafu ikahamishiwa kwenye pipa la sheri. Balvenie DoubleWood, iliyotoka mwaka 1993 na kuufanya mtindo huu ujulikane, hukaa kwenye sheri miezi 9 hivi. Ikikaa miezi michache tu, usitarajie zaidi ya rangi na utamu wa juujuu. Ikifika miaka miwili au mitatu, sheri inakuwa imeingia ndani. Umri ulioandikwa unahesabu muda wa mapipa yote mawili.

Kama lebo imenyamaza kuhusu ukubwa wa pipa, piga hesabu mwenyewe. Chupa 612 za sentilita 70 ni lita 428, kwa hiyo wiski hiyo haikutoka kwenye pipa la lita 250, imetoka kwenye pipa kubwa la sheri la lita 500. Chupa 75 ni lita 52 na nusu, na huenda ni kipipa kidogo, ambamo mti hugusa wiski kwa nguvu na miezi mitatu tu inaonekana. Hesabu hii inafaa pale ambapo wiski imejazwa kwa nguvu yake ya pipa bila kuongezwa maji.

Angalia pia ni sheri gani. Oloroso huleta lozi, kahawa, ngozi na zabibu kavu. Pedro Ximénez, inayotokana na zabibu zilizoanikwa juani, huleta tende, sukari guru na kitu kinachofanana sana na halua nyeusi. Fino na manzanilla ni kavu, na humpa mwonjaji chumvichumvi badala ya utamu. Usidhani pipa hilo lilikuwa kwenye ghala la mvinyo huko Jerez kwa miaka 50. Siku hizi mengi hutengenezwa mapya, yakajazwa sheri kwa mwaka mmoja au miwili kwa ajili ya viwanda vya wiski, kwani biashara ya kusafirisha sheri kwenda Uingereza ndani ya mapipa ilikwisha miaka ya 1980. Rangi nayo isikutie wazimu: sheria ya Uskoti inaruhusu karameli ya E150a, ingawa wajazaji huru wengi hawaongezi karameli hiyo na huandika hivyo.

Kosa linalofanywa zaidi ni kuionja peke yake. Wiski iliyomaliziwa ina tabaka mbili, na hutajua sheri imeongeza nini kama hujui ilichokikuta. Tafuta chupa ya pili: kiwanda kilekile, umri unaokaribiana, iliyokaa kwenye burboni tu. Ukikosa, chukua ya kiwanda chenye tabia inayofanana. Benrinnes na Mortlach ni nzito, zina unyamanyama, kwa sababu mvuke wao hupozwa kwenye mabomba ya shaba yaliyozungushwa ndani ya matangi ya maji. Wiski kama hizo hubeba sheri vizuri. Linkwood ni nyepesi, yenye maua na tufaha, na pipa kali la Pedro Ximénez huweza kuifunika kabisa.

Andaa glasi nne zenye tumbo na mdomo mwembamba, mbili kwa kila chupa, na mimina mililita 15 kila moja. Kwa kila chupa, glasi moja ibaki kavu, nyingine itiwe maji. Kama chupa zote mbili zina asilimia 57.1, jumla ni mililita 34 za kilevi tupu, yaani zaidi ya kilichomo kwenye bia moja ya nusu lita yenye asilimia 5. Anayeendesha gari aweke kikombe cha kutemea. Joto zuri ni nyuzi 20 hivi. Kwenye chumba cha nyuzi 31, Dar es Salaam au Mombasa, kilevi hupanda kwa kasi na kuua pua, basi simamisha glasi kwenye sahani ya maji baridi dakika tatu. Barafu usitie, inafunga harufu.

Nusa midomo ikiwa wazi kidogo, pua ikiwa juu ya ukingo wa glasi, isizame ndani. Anza na ile ya burboni. Ukianza na ya sheri, utamu wake utaifanya ya pili ionekane kama maji ya limau. Yenye moshi wa mboji, yaani udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kukausha shayiri, iwe ya mwisho siku zote.

Maji yapimwe kwa bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa. Kwa mililita 15 za asilimia 57.1, mililita 2.1 za maji zinashusha hadi 50. Ongeza 1.5 na utafika 46. Subiri dakika mbili kila hatua. Ikipata ukungu usishtuke: wiski haikuchujwa kwa baridi, na mafuta yake yanajitokeza kilevi kinapopungua. Wiski iliyomaliziwa vizuri hufunguka hapa, na matunda yakaanza kutengana, tende huku, ganda la chungwa kule. Iliyomaliziwa kwa haraka huvunjika: sukari inabaki upande mmoja, pombe kali upande mwingine.

Ukiitia mdomoni, izungushe sekunde 10 kabla ya kumeza au kutema. Pima ukakasi. Kidogo, kama wa chai ya rangi, ni wa kawaida. Ukikaza ulimi kama bibo, mti umezidi, na hakuna maji yatakayouondoa.

Kasoro nyingine ni kiberiti. Kiswahili kimetumia jina moja kwa madini na kwa njiti ya kuwashia moto, na zote mbili zinahusika: mapipa matupu hufukizwa kwa kiberiti yasioze, na harufu ya njiti iliyozimwa hubaki. Ikizidi inakuwa mpira, kabichi iliyochemka mno au yai. Wapo wasioisikia kabisa, kwa hiyo usibishane na mwenzako. Iache glasi wazi dakika 20. Isipopungua, korogea kipande safi cha waya wa shaba na ukitoe; shaba hushika baadhi ya kemikali hizo, si zote.

Usihukumu kwa glasi ya kwanza. Andika ulichopata, rudia baada ya wiki mbili. Chupa isimame wima gizani, maana kilevi kikali hula kizibo, na ikibaki robo, hamishia kwenye kichupa kidogo kinachojaa hadi shingoni.