Kaye, biki na kreyo: jinsi ninavyopanga sheria za vifaa katika darasa la watoto 80

Nafundisha primeri ya pili (darasa la pili la shule ya msingi) huku Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Tangu masomo ya msingi yawe ya bure katika shule za serikali, mwaka 2019, madarasa yetu yamefurika. Ada imeondoka, lakini kaye (daftari) bado mzazi ndiye anayenunua. Kwa hiyo kila Septemba, kwenye benchi moja, anakaa mtoto mwenye mfuko mpya uliojaa, na pembeni yake mwingine aliyechomeka kaye moja ndani ya shati lake jeupe. Sheria za vifaa unawawekea wote wawili. Mimi nazipanga hivi.

Hatua ya 1: Orodha iwe fupi, tena ya awamu

Kwa primeri ya pili naomba kaye nne (mbili za mistari, moja ya vyumba kwa ajili ya hesabu, moja ya kazi za nyumbani), kreyo (penseli) mbili, na ardwazi, yaani kibao cha kuandikia kwa chaki. Basi. Sitaji chapa wala rangi ya jalada.

Kaye naomba za kurasa 48. Kaye nene ya kurasa 100 mikononi mwa mtoto wa miaka saba inachanika kabla haijafika nusu. Halafu mama anayeuza ndizi au samaki wadogo wa sambaza anapata pesa kidogo kidogo, hivyo kwenye orodha naandika wazi: hizi mbili wiki ya kwanza, nyingine zinaweza kungoja Oktoba. Tangu nianze kuandika hivyo, watoto wanaochelewa kuanza shule "kwa sababu vitu havijatimia" wamepungua sana darasani kwangu.

Hatua ya 2: Tenganisha vya mtoto na vya darasa

Mwaka mmoja nilikusanya kila kitu kwenye sanduku moja, vitumiwe na wote. Niliona ni haki. Wiki ya tatu mama mmoja akaja, akafungua sanduku, akakuta kreyo za rangi za bintiye zimebaki vipande. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nilimnunulia mtoto, sikununulia darasa." Sikuwa na jibu, maana alisema kweli.

Siku hizi alichonunua mzazi kinabaki cha mtoto wake, na hakuna anayelazimishwa kuazima. Vya darasa ni vichongeo, vifutio, late za kupigia mistari, chaki, na kopo la kreyo za kuazima. Hivyo vinatafutwa na kamati ya wazazi kwa mchango wa hiari. Usibandike orodha ya waliotoa. Ukiibandika, umebandika pia orodha ya wasiotoa.

Hatua ya 3: Kila kitu kipate namba

Jina linachukua nafasi, na Septemba wengi bado wanalisoma kwa shida. Namba wanaijua. Mtoto wa 34 anaandikiwa 34 kwenye kaye, nyuma ya ardwazi, na kwenye kreyo: unakwangua rangi kidogo kwa kisu upande wa juu, unaandika kwa biki (kalamu ya wino) juu ya mti.

Kaye zivalishwe. Karatasi ya mfuko wa sima (saruji) inafaa kuliko zote: ikung'ute vumbi vizuri nje, geuza upande wa ndani uwe juu, kunja. Wakati wa kurudi nyumbani kaye zinaingia kwenye sacheti (mfuko wa plastiki), hata kama jua linawaka. Mvua ya hapa haipigi hodi, na vijia vya mtaa wa Cimpunda, hapa Kadutu, mnavijua.

Hatua ya 4: Kopo la kuazima

Hapa ndipo walimu wengi tunapoteza muda, basi nieleze taratibu.

Chukua kreyo 12, zikate katikati, una 24. Nusu kreyo inatosha mkono mdogo, na hakuna anayetamani kuondoka nayo. Funga uzi mwekundu kwenye kila moja. Asiye na kreyo anainua vidole viwili bila kusema, na kiongozi wa safu anampelekea. Haulizwi kwa nini. Dakika chache kabla ya kengele viongozi wanakusanya na kuhesabu kwa sauti: 24 zilitoka, 24 zirudi.

Ikipungua moja, tunatazama chini ya mabenchi kwa dakika moja, kisha tunaendelea. Simpekui mtoto mbele ya wenzake. Zamani nilifanya hivyo; kreyo ikaonekana baadaye kwenye ufa wa benchi, na mtoto niliyemshuku hakuinua mkono darasani kwa wiki nzima. Usichukue rehani pia. Nimeona mwalimu akishika ndala moja ya mtoto hadi kreyo irudi, na mtoto anakaa na mguu mmoja kwenye sima baridi.

Hatua ya 5: Asiye na kaye abaki ndani

Katika shule moja niliyopitia, mtoto asiye na kaye alirudishwa nyumbani. Kaye haikupatikana haraka kwa sababu hiyo, ila somo la hesabu za kutoa kwa kuazima lilimpita. Wanaohamia katikati ya mwaka, nao ni wengi mjini kwetu, wangekaa nje miezi.

Mpe ardwazi. Fundisha kwa njia ya La Martinière, iliyopewa jina la shule ya Lyon, Ufaransa: unauliza, wanaandika, unagonga meza, wote wanainua kwa pamoja. Utaona majibu yote kwa mara moja, na hutajua nani ana kaye na nani hana. Zoezi la kuhifadhi aliandike kwenye karatasi, tutaibandika baadaye.

Mzazi akija, mvute pembeni. Sema, "Mama, kaye ya hesabu imebaki." Usiseme, "Hujanunua."

Hatua ya 6: Makatazo

Ni mawili tu. Wembe hauingii darasani. Kuchonga ni kwa kichongeo, au mletee mwalimu. Na biki zinangoja primeri ya tatu, maana wino haufutiki na vifuniko vinaishia mdomoni. (Lile tundu kwenye kifuniko cha Bic limewekwa makusudi, hewa ipite kikimezwa. Mimi hata hivyo sitaki kulijaribu.)

Ijumaa, dakika kumi za mwisho, tunakagua mifuko. Kreyo iliyofupika kuliko kidole gumba haitupwi: tunaichomeka kwenye kipande cha tete kikavu, tunafunga uzi, inaandika hadi wiki nyingine mbili.