Somo: Kugeuza Sanamu za Bei Nafuu za Manaiti Zilingane na Mkusanyiko wa Mwaka 1250

Somo hili ni la mtu aliye na sanamu chache nzuri za manaiti, yaani askari farasi wa Ulaya ya zama za kati, ambaye angependa kuziongeza bila kuagiza nyingine kwa gharama kubwa kutoka ng'ambo. Hapa Kisumu, anayepekua kwa subira mafungu ya vichezeo vya mitumba katika soko la Kibuye siku ya Jumapili huweza kuokota manaiti wa plastiki kwa pesa kidogo sana. Sanamu hizo hudharauliwa kwa kuwa zilitengenezewa watoto. Hata hivyo, mwili uliofichika chini ya mapambo yake mara nyingi umesimama vizuri, na naamini kwa dhati kwamba unastahili kufanyiwa kazi kwa uangalifu uleule tunaoipa sanamu ya bei ghali.

Kuchagua mwaka

Kinachofanya sanamu ya rahisi ionekane mgeni katika kabati si bei yake wala plastiki yake, bali ni kwamba imevaa karne tatu kwa wakati mmoja. Mtengenezaji wa vichezeo huipa deraya ya mabamba ya chuma ya karne ya 15, ngao ya karne ya 13, na manyoya marefu kichwani yasiyo na karne yoyote. Kwa hiyo, kabla ya kushika kisu, amua mwaka mmoja, kisha uisukume kila sanamu kuelekea mwaka huo.

Mkusanyiko wangu unahusu jeshi la Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa lililopigana Mansura, nchini Misri, tarehe 8 Februari 1250. Wakati huo naiti alivaa deraya ya pete za chuma zilizounganishwa kutoka kichwani hadi vidoleni mwa miguu, na juu yake kanzu ya kitambaa isiyo na mikono iliyofika chini ya magoti. Kichwani alivaa chepeo nzito iliyofunika uso wote, yenye kilele bapa na mwanya mwembamba wa macho, na mkononi alishika ngao ya pembe tatu. Deraya kamili ya mabamba ilienea miaka 150 hivi baadaye. Mwaka huo wa 1250 unatufaa sana, kwa kuwa kanzu ndefu hufunika karibu kila kosa la mtengenezaji.

Kupima

Sanamu zangu ni za kipimo cha 1:32, ambapo mtu wa sentimita 173 huwa na urefu wa milimita 54. Vichezeo vingi hufika milimita 60, na ziada hiyo ya milimita 6 ni sawa na sentimita 19 za mtu halisi, tofauti ambayo jicho huiona mara moja. Pima kutoka nyayo hadi macho badala ya kupima hadi utosini, kwa sababu chepeo na manyoya hudanganya; kwa kipimo hiki macho yanapaswa kuwa kwenye milimita 50 hivi. Ziada ya milimita 2 au 3 iache ilivyo, maana hata watu hawalingani kimo.

Kuitambua plastiki

Hatua hii hurukwa na wengi, nao ndio ambao baadaye hulalamika kwamba rangi imebanduka. Kata kipande kidogo kutoka ncha ya upanga au ukingo wa kitako, yaani kibao ambacho sanamu husimama juu yake, ukitie katika glasi ya maji na kukizamisha kwa kidole ili mapovu ya hewa yatoke. Kikielea, ni plastiki laini ya jamii ya polithini, ambayo haikubali gundi wala rangi kwa urahisi. Kikizama, ni PVC au polistirini. Ya mwisho ni ngumu, huvunjika kwa mlio, na gundi ya modeli huiyeyusha kidogo na kuiunganisha kabisa. Usitumie sanamu nzima kwa jaribio hili, kwa sababu nyingine zina uwazi ndani na zitaelea hata zikiwa za plastiki nzito.

Baada ya hapo osha sanamu kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, kwa kuwa mafuta yaliyotumika kuitoa kwenye kalibu bado yamo mwilini mwake.

Kukata na kuunga

Ikiwa sanamu imezidi kimo, ikate mapajani, juu kidogo ya magoti, uondoe milimita 4 kwa kila mguu, kisha upunguze unene wa kitako kwa msasa hadi macho yafike mahali pake. Mkato wa mapajani nauchagua kwa makusudi: kiungo chake kitalala chini ya kanzu na hakuna atakayekiona. Toboa pande zote mbili kwa keekee ndogo ya mkono, utie kipande cha klipu ya karatasi, ndipo uweke supaglu. Kwa plastiki inayoelea waya ndio unaobeba uzito wote, na gundi huzuia tu kiungo kisizunguke.

Mkono ulioinuliwa kwa namna isiyopendeza unaweza kushushwa bila kukatwa. Uzamishe katika maji yaliyochemka kwa muda mfupi ukiwa umeshika sanamu kwa koleo, upinde taratibu, halafu uutie mara moja katika maji baridi. PVC hutii vizuri, ilhali plastiki inayoelea hurudi nyuma kidogo, kwa hiyo ipinde kupita pale unapopataka.

Upanga na mkuki wa plastiki viondoe kabisa. Hupinda kila vinapoguswa, na rangi iliyo juu yake hupasuka. Upanga wa wakati huo ulikuwa na urefu wa mita moja hivi pamoja na mpini, yaani milimita 31 kwa kipimo chetu. Ponda waya laini wa kufungia nondo kwa nyundo juu ya chuma hadi uwe bapa, kisha uunoe kwa tupa. Mkuki wa mita 3 huwa milimita 94, na kijiti cha mishikaki kilichosuguliwa hadi unene wa zaidi kidogo ya milimita moja kinafaa.

Chepeo, pete na kanzu

Hapa ndipo naiti anapozaliwa upya, na ningekuomba usiharakishe. Kata manyoya na mdomo uliochongoka wa chepeo hadi kichwa kibaki duara la kawaida. Kanda puti ya epoksi ya sehemu mbili kwa viwango sawa, ukivaa glavu, na uifunike kichwani kama utepe unaosimama wima, kisha uweke kifuniko bapa juu. Inapoanza kukaza, chora mwanya wa macho kwa ncha ya wembe, mstari wa wima katikati ya uso, na matundu machache ya kupumulia chini ya macho. Ikishakauka kabisa, nyoosha kingo kwa msasa uliolowa maji ili vumbi lisiruke. Kilele cha mwaka 1250 kiwe bapa. Vilele vilivyochongoka vilizidi kuonekana kuelekea mwisho wa karne hiyo.

Pete za deraya halisi, zikipunguzwa kwa kipimo chetu, zinakuwa na upana wa theluthi moja ya milimita, kwa hiyo haiwezekani kuzichonga moja moja. Tunachohitaji ni mkwaruzo unaolisadikisha jicho. Tandaza puti nyembamba sana kwenye mikono na miguu iliyokuwa na mabamba, uiache ianze kukaza, kisha ubonyeze vijishimo vidogo vya umbo la mwezi mwandamo kwa ncha ya bomba la sindano lililokatwa. Safu moja ielekee kushoto na inayofuata kulia. Lowesha ncha mara kwa mara ili puti isinate.

Kanzu ninaifanya kwa karatasi ya shashi iliyolowekwa katika gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji. Tabaka mbili zinatosha. Kata kipande cha mbele na cha nyuma, uache pasuo kuanzia kiunoni kwenda chini kama inavyomfaa mpanda farasi, ukivike, halafu upange mikunjo kwa brashi yenye unyevu ikishuka kutoka kwenye mkanda. Mwili mnene wa kichezeo hapa hauna ubaya wowote, kwa sababu naiti alivaa nguo nene iliyojazwa pamba au matambara chini ya deraya.

Ngao ikate kutoka kikombe cha maziwa mgando chenye alama ya 6 ndani ya pembe tatu, kwa kuwa hiyo ni polistirini na tayari ina mzingo. Urefu uwe milimita 22 hadi 25.

Rangi na kitako

Piga andakoti nyembamba, yaani rangi ya msingi, kwanza. Deraya ipake nyeusi, kisha upitishe brashi iliyokaribia kukauka, yenye rangi kidogo ya fedha, juu ya vinundu pekee. Alama za ngao zina sheria ya kale ambayo ni vyema kuiheshimu: dhahabu na fedha, zinazopakwa pia kama njano na nyeupe, huhesabiwa kuwa madini, na haziwekwi moja juu ya nyingine, wala rangi kama nyekundu, buluu, nyeusi na kijani haziwekwi juu ya rangi. Tumia chupa zilezile za rangi ulizotumia kwa sanamu zako za zamani, hasa nyekundu na buluu, na umalizie vitako vyote kwa mchanga uleule na vanishi ileile isiyong'aa. Mtazamaji huviona vitako kabla ya nyuso.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Nakuru: Mwalimu, habari za kazi. Sanamu zangu niliziosha vizuri, lakini rangi inabanduka miguuni mwa farasi. Nifanyeje?

Jibu: Njema, ndugu yangu. Inaelekea farasi wako ni wa plastiki inayoelea, na miguu yake myembamba hupinda. Ondoa rangi iliyolegea, mwimarishe kwa kutia waya ndani ya miguu miwili iliyo ardhini hadi kwenye kitako, kisha mpake tabaka nyembamba ya gundi nyeupe kabla ya rangi ya akriliki. Gundi hiyo ikikauka huwa ngozi inayopinda pamoja na plastiki. Kwa kuwa huko kwenu vumbi ni jingi wakati wa kiangazi, mfunike kwa boksi anapokauka.

Swali, kutoka Kakamega: Puti ya epoksi ni ghali kwangu. Je, puti ya vioo vya madirisha haiwezi kutumika?

Jibu: Hapana, dada. Puti ya madirisha ni chokaa na mafuta. Hukaa laini kwa muda mrefu, na haitashika mchoro mdogo. Itunze epoksi kwa ajili ya chepeo na mikono tu, na kila kilicho kitambaa ukifanye kwa shashi na gundi nyeupe. Kwa njia hiyo kipande kidogo huhudumia sanamu nyingi.

Swali, kutoka hapa Kisumu: Vanishi ya kupuliza imeacha ukungu mweupe juu ya rangi nyeusi. Je, ni mbovu?

Jibu: Huenda si mbovu. Unyevu wa hewa hunaswa ndani ya vanishi inapokauka, na hapa kando ya ziwa, hasa katika mvua za masika, jambo hilo ni la kawaida. Puliza siku kavu, mbali na saa za mvua ya alasiri, kwa tabaka nyepesi na mahali penye hewa ya kutosha. Au utumie vanishi ya brashi. Ukungu mwepesi mara nyingine huondoka kwa tabaka mpya iliyopulizwa siku kavu.

Swali, kutoka Busia: Nina manaiti wanane wanaofanana. Je, niwavike wote nyeupe na msalaba mwekundu kama Watempla, wale manaiti watawa?

Jibu: Watempla walikuwepo Mansura, kwa hiyo wazo lako ni sahihi, lakini si wote wanane. Nyeupe ilikuwa ya manaiti wenyewe, na wasaidizi wao walivaa nyeusi au kahawia. Wavike nyeupe watatu, nyeusi wawili, na waliobaki wawe Wahospitali, manaiti wa shirika jingine la kitawa, wenye kanzu nyeusi na msalaba mweupe. Usiwape Wahospitali kanzu nyekundu za vita, kwa kuwa ruhusa ya Papa ya kuzivaa ilitoka mwaka 1259, miaka 9 baada ya vita vyako.