Kabla hujafungua kichupa cha antibodi ya Kv2.1 yenye fosfeti

Antibodi hizi, yaani protini za kinga zinazoishika Kv2.1 pale tu inapokuwa imebandikwa fosfeti, ni ghali na kichupa chenyewe ni kidogo, kwa hiyo soma kwanza. Kv2.1 ni chaneli ya potasiamu, yaani protini inayopitisha potasiamu kwenye utando wa seli, na inapatikana kwa wingi kwenye neuroni za gamba la ubongo na hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu). Mwaka 2006 watafiti waliorodhesha sehemu zake 16 zinazobandikwa fosfeti. Antibodi yako inaangalia moja tu, mara nyingi serini ya 603, yaani asidi amino aina ya serini iliyo nafasi ya 603 kwenye protini hiyo. Hakikisha ndiyo unayoitaka, kisha linganisha mfuatano wa asidi amino na wa mnyama wako.

Ikifika, igawe kwenye vichupa vidogo siku hiyo hiyo. Kugandisha na kuyeyusha kila mara huiua. Protini za sampuli hutenganishwa kwenye jeli, kisha huhamishiwa kwenye utando ambako antibodi huzitafuta; utando huo lazima ufunikwe kwanza ili antibodi isikwame ovyo. Maziwa ya unga achana nayo, kwani kaseini, protini ya maziwa, yenyewe imejaa fosfeti. Funika utando wako wa nitroselulosi kwa albumini ya ng'ombe. Oshea bufa ya Tris, yaani maji yanayodhibiti asidi. Sampuli usizichemshe, protini za aina hii hushikana mabonge na kukwama juu ya jeli. Na usijidanganye kwamba vanadati peke yake inatosha kuzuia fosfatasi, vimeng'enya vinavyong'oa fosfeti: hiyo huzuia zile za asidi amino ya tirosini. Kwa serini weka floridi na beta-gliserofosfati, na EGTA ya kunasa kalsiamu.

Sasa tuje kwenye ubongo wenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Katika maabara moja niliyofanya kazi, mwanafunzi alikuwa akijaribu dawa kwa panya. Majibu yalitoka mazuri mno: panya wa kawaida mstari wa fosfeti mweusi tii, panya wa dawa karibu hakuna kitu. Hata kwa antibodi ya Kv2.1 yote (inayoishika iwe na fosfeti au isiwe nayo), mstari wa panya wa dawa ulikuwa umeteremka kutoka karibu na kilodaltoni 120 (kipimo cha uzito wa protini) kuelekea 100, kama inavyotarajiwa protini ikivuliwa fosfeti. Watu wakaanza kutaja majarida ya kupeleka.

Ndipo fundi wa maabara, mama mmoja asiye na maneno mengi, akauliza nani alipasua wapi. Panya wa kawaida alikuwa amewapasua yeye, ubongo moja kwa moja kwenye nitrojeni ya kimiminika. Wa dawa alipasua mwanafunzi, ambaye bado alikuwa anajifunza kuitafuta hipokampasi, kichwa kimelala mezani huku mkasi haujulikani uliko. Mama yule akachukua panya asiyepewa dawa yoyote, akauacha ubongo wake mezani dakika chache, akaupitisha kwenye jeli. Picha ikawa ile ile ya "dawa".

Sababu inajulikana. Oksijeni ikikatika, glutamati, kemikali ya mawasiliano ya neuroni, humwagika, kalsiamu huingia kwenye neuroni, na kalsinyurini, fosfatasi inayoamshwa na kalsiamu, huamka na kung'oa fosfeti. Serini ya 603 ni mojawapo ya zinazopukutika upesi. Ukija na vizuizi vyako kwenye bufa baada ya hapo, umechelewa. Kwa hiyo: mpasuaji awe mmoja, zamu za panya zichanganywe, muda kutoka kifo hadi kugandisha uandikwe kwa kila mnyama, na kuua kwa gesi ya kaboni dioksidi usikubali, kwa sababu nako ni kumnyima oksijeni.

Weka pia kipimo cha kuthibitisha. Tayarisha sampuli isiyo na vizuizi vya fosfatasi wala EDTA (inayonasa madini kama manganizi), igawe mara mbili, nusu moja itie fosfatasi ya lambda pamoja na manganizi. Mstari wa fosfeti lazima upotee, wa Kv2.1 yote ubaki. Usipopotea, antibodi inashika kitu kingine; lakini kwanza hakikisha hiyo fosfatasi bado inafanya kazi.

Toleo jipya la antibodi likija, liendeshe sambamba na la zamani kabla la zamani halijaisha. Namba ya toleo iandike daftarini, si kwenye kifuniko. Wino hufutika kwenye friza. Na muulize muuzaji kama alijaribu kwenye ubongo au kwenye seli za kufugwa tu, usiridhike na picha moja ya kwenye karatasi yake.