Kukagua hakimiliki ya nota kabla ya kuzigawia kwaya

Nota za mtunzi aliyefariki zamani si lazima ziwe huru kila mahali. Kabla ya kupakua, jiulize kwanza kopi zitatolewa nchi gani, maana sheria inayokuhusu ni ya mahali unaponakili. Faili inaweza kuwa halali kwenye tovuti iliyoko Kanada, lakini kuichapa London kukawa kosa.

Andika majina manne: mtunzi wa muziki, mwandishi wa maneno, mpangaji wa sauti (kama wimbo umepangwa upya) na mhariri wa toleo. Mbele ya kila jina weka mwaka wa kufariki, kisha ongeza mwaka ambao kazi ilichapishwa mara ya kwanza. Tafsiri ya Kiswahili nayo ina mwenyewe. Muziki wa Händel ni huru, ila aliyetafsiri maneno yake majuzi bado ana haki zake.

Sasa piga hesabu. Sheria ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001 hulinda muziki kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Umoja wa Ulaya na Uingereza hulinda kwa miaka 70. Muda huisha 31 Desemba, kwa hiyo kazi huingia milki ya umma, yaani huwa huru kwa wote, siku ya Mwaka Mpya. Mtunzi Sibelius alifariki 1957: Dar es Salaam yuko huru tangu 2008, Berlin huru kuanzia 2028. Kanada ilikuwa na miaka 50, ikapandisha hadi 70 mwishoni mwa 2022 bila kuwarudisha waliokwisha kuwa huru. Ndiyo maana Stravinsky, aliyefariki 1971, ni huru huko, lakini Shostakovich, aliyefariki 1975, atasubiri hadi 2046. Kwa Kenya na Tanzania, mwisho wa ulinzi wa Shostakovich ni 31 Desemba 2025.

Marekani ndiyo inayowachanganya wengi. Kazi iliyochapishwa kabla ya 1978 huweza kulindwa hadi miaka 95 tangu kuchapishwa, bila kujali mtunzi alifariki lini. Rapsodia ya Rachmaninoff ya 1934, ile ya piano na okestra juu ya mada ya Paganini, ni huru Ulaya tangu 2014, ilhali Marekani imefungwa hadi mwisho wa 2029. “The Rite of Spring” ya Stravinsky ni kinyume chake: huru Marekani, imefungwa Ujerumani hadi mwisho wa 2041. Zaidi ya hayo, sheria ya 1994 ilirudishia ulinzi kazi nyingi za kigeni zilizokuwa huru Marekani, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaikubali mwaka 2012. Okestra ndogo ndizo zilizoumia, kwa kuwa nota walizokuwa wakizitumia bure ziligeuka za kukodi.

Mtunzi akishakuwa huru, geukia toleo. Hapa ndipo walimu wengi hukosea. “Messiah” ya Händel iliyohaririwa na Ebenezer Prout mwaka 1902 ni huru, kwani Prout alifariki 1909. Toleo la Watkins Shaw la 1959 si hivyo: Shaw alifariki 1996, na kazi yake ya uhariri inalindwa Kenya na Tanzania hadi mwisho wa 2046. Ujerumani hulinda toleo la kitaalamu la muziki wa kale kwa miaka 25 tangu lichapishwe, na Uingereza hulinda hata mpangilio wa ukurasa kwa miaka 25. Kwa hiyo usitoe fotokopi ya Bach kwa sababu tu ni Bach. Tafuta skani ya chapa ya karne ya 19.

Kwenye IMSLP, tovuti ya kupakua nota bure, soma sehemu ya hakimiliki chini ya kila faili, maana ukurasa mmoja huweza kuwa na toleo huru na lisilo huru. Alama zake huonya kuhusu Marekani na Umoja wa Ulaya. Hesabu ya Kenya au Tanzania utaifanya mwenyewe. Tovuti hiyo ilifungwa Oktoba 2007 baada ya barua ya mchapishaji wa Vienna, Universal Edition, ikafunguliwa tena katikati ya 2008. Mzozo ulikuwa huuhuu: seva iko Kanada, wapakuaji wako Ulaya.

Kuandika upya kwa solfa hakukuokoi. Do-re-mi za kazi inayolindwa ni nakala yake vilevile, hata ukiziandika kwa mkono ubaoni na wanakwaya wakazinakili.

Angalia pia kundi la WhatsApp. Faili halali Nairobi, ikichapwa na mwanakwaya aliyeko Manchester, inaangukia sheria ya Uingereza. Kwaya ikisafiri Ulaya, fanya hesabu upya kwa nchi mnayokwenda, kwa nota na kwa onyesho lenyewe.

Kazi ikiwa bado inalindwa, nunua nakala kwa idadi ya waimbaji. Kwa PDF, soma leseni inaruhusu kopi ngapi. Sehemu za okestra mara nyingi hukodishwa tu, hivyo mwandikie mchapishaji mapema ukitaja kazi, toleo, idadi ya wapigaji, tarehe na mahali. Majibu yake yaweke kwenye faili moja na nota, pamoja na jina la toleo na tarehe uliyopakua.